Betri ya keekee ya barafu iliyokufa Minnesota ikafufuka Dar: uchambuzi wa kisa

Hiki kisa nakiandika kwa urefu wake maana betri za drili zinazoingia Kariakoo kwenye makontena ya mtumba nyingi zimetokea nchi za baridi, zinafika hapa zinachomekwa kwenye mashine zinazunguka vizuri kabisa, mtu analipa hela yake anaondoka, hakuna anayejiuliza huko ilikotoka iliachwa kwa sababu gani. Betri ninayoiongelea mimi haikuja na kontena, imekuja kwenye begi la mkononi la shemeji yangu, ila ugonjwa wake ni wa aina hiyo hiyo, na bahati nzuri ilikuja na pacha wake wa kulinganisha nae, kitu ambacho fundi huwa hapati.

Shemeji anaishi Minnesota, Marekani. Kule baridi ikishika maziwa yanaganda kweli kweli, barafu ikifika sm 10 ngumu na safi watu wanatembea juu yake, ikifika sm 25 hivi na magari madogo yanaingia, na katikati ya msimu inaweza kupita nusu mita. Chini ya hiyo barafu maji yapo na samaki wapo, maana maji yanakuwa mazito kuliko yote yakiwa kwenye nyuzi 4, kwa hiyo hayo ndo yanakaa chini na yaliyo baridi zaidi yanabaki juu yanaganda, samaki anaendelea na maisha yake. Sasa ili umpate lazima utoboe. Wapo wanaozungusha keekee, ile skrubu ndefu yenye visu ya kutobolea barafu, kwa mkono mpaka leo, afu zikaja za injini ya petroli ambazo nguvu zinayo lakini makelele mengi, kuziwasha kwenye baridi kali ni shughuli, na wengi wanavua wakiwa ndani ya hema au kibanda kilichofungwa, ule moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua. Ndo maana za betri zimependwa sana. Kuna keekee iliyojengewa mota yake na betri ya volti 40, na kuna njia ya mtu mwenye bajeti, unachukua drili ya kawaida ya volti 18 ya brashlesi, yaani mota isiyo na brashi, ile ile anayotumia fundi aluminiamu hapa Sinza, unafunga keekee nyepesi ya inchi 6 au 8 kwenye kichwa chake, gia ya kwanza, unashika ule mkono wa pembeni kisawasawa maana keekee ikikwama drili inakugeuza mkono, unatoboa. Shemeji anatumia hiyo ya pili, inchi 8, shimo la kama sm 20.

Malalamiko yalianza kwa voisi za WhatsApp. "Shemeji, hii betri inaniaibisha mbele za watu, taa tatu kati ya nne zinawaka, nikigusa barafu inakula kidogo inakata moto. Naitia ndani ya koti nusu saa, nikiirudisha inapiga kazi kama haijawahi kuumwa." Wenzake wa ziwani walishampa jibu, ni baridi tu, betri zote ziko hivo, nunua nyingine.

Mi hiyo baridi tu ilinisumbua, maana alikuwa na betri mbili, zote za ampia-saa 5, zimetoka boksi moja na drili yenyewe, na moja ilikuwa inatoboa mashimo kutwa nzima kwenye baridi ile ile iliyomuua mwenzake. Ile mbovu alishaizungushia tepu nyekundu ya umeme ili asiichanganye. Kama ni baridi peke yake basi zingeanguka zote au zikaribiane, hapa moja inadondoka mapema sana na nyingine inadunda. Na hiyo ikafuta washukiwa wengine kwa mpigo mmoja, visu vya keekee vikiwa butu drili inavuta ampia nyingi na betri inakata, gia ya pili nayo hivo hivo, barafu iliyogandia kwenye visu baada ya shimo la kwanza nayo inafanya keekee iteleze badala ya kukwangua, lakini visu ni vile vile, drili ni ile ile, mkono ni ule ule, kinachobadilika ni betri tu. Nikamwambia ukija likizo njoo nazo zote mbili na chaja zako zote, usiache hata moja.

Alikuja nazo kwenye begi la mkononi, na ndo inavotakiwa, betri ya litiamu ya akiba hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini ya ndege. Volti 18 mara ampia-saa 5 ni wati-saa 90, na mpaka wa kawaida wa kubeba bila kuomba ruhusa ya shirika la ndege ni wati-saa 100, kwa hiyo zikapita, vichwa vya shaba kavibandika tepu visigusane na kitu. Ingekuwa ile kubwa ya ampia-saa 12 hiyo ni wati-saa 216, wasingemwelewa.

Sasa ofisini kwangu, eneo la Gerezani hapa Dar. Tukaichomeka yenye tepu kwenye drili yangu, nikapiga ubao wa mninga wa inchi mbili na biti pana, ikapita bila kulia. Tukarudia na ile nzima, huwezi kusema ipi ni ipi. Shemeji akaniangalia, akasema "ndo nakwambia, ni baridi." Na hapa ndo mafundi wengi tunaishia, betri inazunguka, taa nne zinawaka, tunasema nzima. Nikaifungua ganda. Ndani ni seli kumi za 18650, zile za duara za mm 18 kwa 65, zimepangwa mbili mbili sambamba afu makundi matano kwa mfululizo, ikijaa kila kundi linatakiwa lifike karibu volti 4.2 na jumla karibu 21. Mita ikasoma makundi manne 4.14 na kitu hapo hapo, kundi la nne 4.06. Tofauti ndogo, ukiwa na haraka unaipita, na hata ukisimama nayo haitoshi kueleza mtu anayekatiwa moto kwenye shimo la kwanza.

Volti ya betri iliyotulia haisemi kitu kikubwa, na zile taa nne za pembeni zinasoma hiyo hiyo volti iliyotulia, ndo maana zilikuwa zinamwonyesha tatu huku mashine imezima. Kinachosema ukweli ni volti inaporomoka kiasi gani ukiibebesha mzigo. Mimi mzigo wangu ni taa za mbele za gari, volti 12 wati 55, nazifunga mbili mbili kwa mfululizo afu hizo jozi kadhaa sambamba, inafika kama ampia 18 hivi, na joto lake lazima uziweke mbali na karatasi. Klampumita, mita ya kubana inayosoma ampia, kwenye waya, mita kwenye vichwa vya betri, unawasha unasoma. Ile nzima ikashuka volti 1 hivi ikatulia. Yenye tepu ikashuka karibu volti 2. Yaani hata kwenye joto la Dar ukinzani wake wa ndani, yaani kile kinachouzuia umeme kupita, ulikuwa karibu mara mbili ya pacha wake, ila drili haikuonyesha kwa sababu volti 18 bado zinazungusha mota bila shida na ubao wa inchi mbili unaisha ndani ya sekunde chache. Nikaziachia zote mbili zimwage chaji polepole mpaka mwisho, nzima ikatoa ampia-saa 4.7, yenye tepu 3.9. Imezeeka kidogo, ungesema. Bado sio maiti.

Nikazijaza tena, ikabaki kuirudisha Minnesota, yaani kwenye baridi yake. Jirani wa ofisi kuna mama anauza samaki wa kugandisha, anachukua mzigo Feri alfajiri anauweka kwenye difrija mbili, na difrija ya namna hiyo inakaa nyuzi 18 chini ya sifuri hivi, ambayo ndo baridi ya kawaida kabisa ya Januari kule ziwani. Akauliza, "Mwanangu, hiyo kitu haitanilipukia samaki wangu?" Swali la maana sana, nikamwambia betri iliyojaa ikikaa tu kwenye baridi bila kuchajiwa haina hatari hiyo, nikazifunga kila moja mifuko miwili ya nailoni nikiwa nimekamua hewa, maana ukiitoa kitu baridi hivo kwenye unyevu wa Dar kinalowa maji sekunde hiyo hiyo na bodi ya ndani haitaki maji. Zikalala katikati ya vibua mpaka asubuhi. Waya za kupimia niliziacha zimetokeza nje ya nailoni ili nisifungue kitu, taa nikazisogeza mpaka pale pale kwenye difrija.

Ile nzima ikashuka volti 4, ikakaa kwenye 16 na ushei, na baada ya dakika moja hivi ikaanza kupanda yenyewe kidogo kidogo. Yenye tepu ikadondoka mpaka 12.4 na bodi ya ulinzi iliyo ndani yake ikakata umeme. Taa giza. Nikabonyeza kile kitufe cha pembeni, taa tatu za kijani zikawaka. Shemeji akaruka, akasema ndo hii hii, ndo inavonifanyia!

Maelezo yake ni haya. Ndani ya seli ya litiamu ayoni umeme unasafirishwa na ayoni zinazopita kwenye kimiminika, elektrolaiti, na kimiminika hicho kwenye baridi kinakuwa kizito, ayoni zinatembea taratibu, ukinzani unapanda mara tatu mara nne. Hiyo inatokea kwa betri zote hata mpya kutoka kiwandani, na inaondoka ikipata joto, wala sio ugonjwa. Chukua ukinzani zidisha na ampia unapata volti unazopoteza, na keekee ya inchi 8 ikiuma barafu inaweza kuvuta ampia 30, 40, kama mara mbili ya taa zangu. Betri nzima ilikuwa na nafasi ya kupoteza ikabaki hai, na ikishaanza kutoa umeme ule ukinzani wenyewe unazalisha joto ndani ya seli, inajipasha, ndo maana ile volti ilipanda. Yenye tepu ilianza na ukinzani mara mbili, baridi ikazidisha juu ya huo, ikagonga sakafu kabla haijapata nafasi ya kujipasha. Koti linairudishia joto, ukinzani unashuka, inafanya kazi, mtu anachanganyikiwa. Kwa hiyo baridi haikuiharibu siku ile pale ziwani, iliionyesha tu imeshaharibika.

Iliharibikaje? Hapa ndo nilitaka chaja zote. Alikuwa na mbili, ya asili iliyokuja na drili, na nyingine ya bei rahisi aliyoinunua ili aitumie kule kule kwenye kibanda cha barafu kwa invata ya gari, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri ya gari uwe kama wa ukutani, kwa sababu hataki kurudi nyumbani mapema, na yenye tepu ndo ilikuwa inachajiwa kule maana ilikuwa ya kwanza kutumika asubuhi, ikiisha anaipachika chajani ikiwa bado ya baridi. Ile nyingine ilikuwa inarudi nyumbani inachajiwa jikoni.

Nikageuza chaja nikaangalia meno. Ya asili ina ya chanya, ya hasi, na mengine madogo, moja wapo linaenda kwenye thamista iliyobandikwa kwenye seli ndani ya betri, kile kipima joto. Ya bei rahisi ina meno mawili tu ya shaba, mengine ni plastiki ya kujazia nafasi. Thamista ya betri hii ni ya kilo-ohm 10 kwenye nyuzi 25, hapa ofisini ikasoma kama 8 maana ni joto, na ikipoa ukinzani wake unapanda, chini ya sifuri inapita 30. Nikaikata kwa muda nikaweka rezista ya kilo-ohm 47 mahali pake, kuidanganya chaja kwamba betri imeganda. Ya asili ikawasha taa ya kusubiri ikagoma kabisa kuchaji. Ya bei rahisi ikaanza kuchaji kwa nguvu zake zote, klampumita inasoma ampia kama kawaida, haina habari. Nikaitoa hapo hapo, sikutaka hata iendelee.

Kuchaji litiamu ayoni chini ya nyuzi sifuri ni moja ya vitu vibaya sana unavyoweza kuifanyia. Seli nyingi za 18650 watengenezaji wanaandika wazi, kutoa umeme mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri ruksa, kuingiza ni kuanzia sifuri mpaka 45. Sababu ni kwamba wakati wa kuchaji ayoni zinatakiwa ziingie katikati ya matabaka ya grafaiti upande wa hasi, na kwenye baridi zinaingia kwa kusuasua, chaja haijali inaendelea kusukuma, basi zinarundikana nje kama abiria wa mwendokasi pale Gerezani saa kumi na moja jioni, na zikirundikana zinageuka litiamu metali, utando unaojipaka juu ya grafaiti. Hiyo litiamu sehemu kubwa hairudi tena kazini, ndo ampia-saa zilizopotea, na utando huo unakula elektrolaiti na kuongeza ukinzani. Kila ukichaji kwenye baridi unaongeza tabaka. Hakuna kitu kinachoonekana kwa nje, hakuna moshi, taa ya chaja inageuka kijani kama kawaida.

Seli yenyewe sikuipasua kuangalia huo utando na sishauri mtu yeyote apasue, litiamu metali ikikutana na unyevu wa hewa yetu hii inaweza kuwasha moto. Ushahidi wangu ni betri mbili za siku moja, kazi moja, drili moja, zilizotofautiana kwa chaja na baridi ya kuchajia, na chaja nimeiona kwa macho ikifanya kosa lenyewe. Kwangu huo unatosha.

Tatizo kubwa la kisa hiki likaja baada ya hapo. Shemeji ana mpwa wake fundi seremala Keko, na akasema basi hii nimwachie kijana, Dar hakuna baridi, mwenyewe umeona imepiga mninga. Kwa hesabu ya nguvu tu yuko sahihi, mwezi wa saba ambao sisi tunauita baridi ni nyuzi 19 au 20 usiku, ile betri ingemfanyia kazi kijana miezi na miezi. Kijana mwenyewe alikuja, akaishika, akasema "mjomba si nzima hii, mnibanie ya nini?" Na betri ya namna ile mpya sio hela ya mchezo kwa mtu wa Keko, namwelewa kabisa.

Nilikataa, na ningekataa tena. Ile litiamu iliyojipaka haijipaki sawasawa kama rangi, inaweza kuota vinundu na vijiti vyembamba vinavyosogea kuelekea kitenganishi, utando mwembamba kabisa wa plastiki unaotenga chanya na hasi, na kikitoboka seli inajipiga shoti yenyewe kwa ndani ambapo hakuna fyuzi wala bodi ya kuikinga. Sijasema lazima itokee, seli nyingi zinachoka polepole tu zikafa kimya, lakini kundi la nne lilionekana tayari linajimwaga peke yake, ile 4.06 ndo dalili yake, na seli inayojimwaga bila sababu ya nje ni ya kuogopa. Karakana ya Keko ina randa, ina tina, ina vumbi la mbao mpaka kwenye feni, betri inachajiwa usiku watu wakiwa wamelala juu ya magodoro yao mule mule. Hapo ndo mahali pa mwisho duniani pa kuipeleka.

Akaniuliza tena kama naweza kubadilisha kundi la nne peke yake. Hapana pia, makundi mengine manne yamechajiwa kwenye baridi ile ile kwa chaja ile ile, na ukichanganya seli mpya na zilizochoka zile zilizochoka zinaisha mapema mpya bado zina moto, zinaburuzwa kwenda chini kuliko inavyotakiwa. Kubadilisha zote kumi inawezekana, nina mashine ya kuchomelea seli kwa nukta na utepe wa nikeli, ila seli za ampia kubwa za uhakika bei yake inakaribia paki mpya, yaani betri zima, na seli feki za 18650 zilivojaa mjini mtu anakuuzia ganda limeandikwa ampia-saa 9.9 wakati hakuna 18650 ya namna hiyo duniani.

Kwa wanaonunua paki za mtumba, ambao ndo nawaandikia hasa: usikubali kuonyeshwa drili inazunguka hewani wala taa nne. Omba ibebeshwe mzigo wa kweli huku mita iko kwenye vichwa, na ikiwezekana pima mbili za aina moja pamoja, inayoporomoka mara mbili ya mwenzake iache hata kama bei inalainisha moyo. Baada ya kujaa iache ikae siku kadhaa afu pima kila kundi, kama kuna moja linashuka peke yake hiyo sio ya kununua. Na chaja yenye meno mawili tu kwenye betri yenye meno manne au matano, hata hapa Dar ambapo baridi haipo, haioni joto pia, na sisi ugonjwa wetu ni upande ule mwingine, betri imetoka kupiga kazi juu ya bati saa nane mchana imepita nyuzi 45 na mtu anaipachika chajani hapo hapo.

Yenye tepu niliimwaga chaji yote kwa zile taa za gari, polepole, nikaitoa kundi kwa kundi, seli nikazibandika tepu vichwani na kuziweka kwenye ndoo ya mchanga mpaka nitakapozipeleka kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Chaja ya meno mawili niliikata waya mbele ya shemeji na yeye mwenyewe akasema kata. Amerudi Minnesota na ile nzima na ameongeza nyingine, anazibeba ziwani kwenye kiboksi kidogo cha kutunza joto chenye chupa ya maji ya moto, moja iko kwenye drili nyingine inasubiri kwenye joto, na jioni anaziingiza ndani anaziacha masaa kadhaa zishike joto la chumba mpaka ndani ya seli ndo anazipachika kwenye chaja ya asili. Juzi kanitumia video ya shimo kwenye ziwa la Mille Lacs huko Minnesota, keekee imezama yote mpaka karibu na kichwa cha drili, barafu iliyokwanguliwa inapanda kama theluji, maji yakachomoza. Na kijana wa Keko tumemtafutia paki nyingine hapa hapa Gerezani, nimeipima kwa taa zile zile kabla hajatoa hela.